Sauti Yangu Ilianguka, Kilio Changu Kikapita

Nina miaka thelathini na sita. Nina mtoto mmoja wa kike, na kwa miaka mingi nilijiita bibi ya mpiga gitaa wa benga kule Kilungu, Makueni. Nasema nilijiita... mtaelewa mbele ni kwa nini.

Wasomaji wenzangu, sitaki kujifanya malaika. Mimi nina wivu. Nimekuwa nao tangu utotoni! Dada yangu akinunuliwa viatu, mimi nilishindwa kula. Mwalimu akimsifu mtoto mwingine, nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mama ananiuliza ni nani amenipiga. Kwa hivyo mkisoma haya msiseme huyu mama alikuwa na roho safi akaonewa. Kuonewa nilionewa. Lakini roho safi sikuwa nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Mutomo, Kitui kusini. Kyalo alinisikia nikiimba kwenye mkutano wa injili uwanjani, yeye akiwa amekuja na bendi yake kupiga harusi upande wa pili wa soko. Aliniambia sauti yangu ilimfuata mpaka akakosea nyuzi. Maneno matamu hayo! Mama alinikanya, akasema wapiga gitaa si watu wa kuweka nyumba. Nilimsikia? Nilifunga nguo zangu nikamfuata mtu Kilungu.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze wale ambao si Wakamba. Kwetu, mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Unaweza kukaa na mtu hadi uote mvi, unaweza kumzalia watoto wa kujaza nyumba, lakini kama hao mbuzi hawajaingia bomani kwa wazazi wako, wewe bado ni msichana wa kwenu. Hata watoto ni wa kwenu. Kyalo hakuwa amewapeleka. Kila nikimkumbusha alisema, "Ngoja wimbo ishike, Mama Mwikali. Ikishika tu, mbuzi wanaenda." Baba yangu alikufa akiwangoja hao mbuzi.

Basi mnaona? Niliutaka wimbo ushike kuliko hata yeye mwenyewe.

Na nilifanya kazi. Yeye aliongoza, mimi niliitikia. Tulipiga harusi, tulipiga harambee, tulipiga mikutano ya wanasiasa ambao hata hatukuwapigia kura. Mnajua benga yetu ilivyo. Wimbo ukifika katikati, kabla gitaa halijaanza kukimbia ili watu wacheze, mwimbaji husalimia watu kwa majina. Anasalimia rafiki, anasalimia shemeji, anasalimia mwenye duka aliyemkopesha sukari. Kyalo hakuwahi kunisahau hapo. "Mbithe wa Mutomo, nakusalimia, wewe ndiye wangu." Wimbo wowote, jukwaa lolote, mstari huo ulikuwepo. Wanawake wengine wana pete. Mimi nilikuwa na huo mstari, na nilikuwa nawatazama wanawake walio mbele ya jukwaa mmoja baada ya mwingine, nione kama wamesikia vizuri!

Halafu ikaja hiyo kompyuta.

Kule Makindu kuna prodyusa anaitwa Mulwa. Studio yake iko nyuma ya maduka, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele za malori ya barabara kuu zisiingie. Mulwa alipata programu ya kompyuta ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa imesikiliza nyimbo zote ambazo watu wetu huzipiga kwenye simu zao. Ilijua ni wapi mtu huongeza sauti, ni wapi huchoka akarukia wimbo mwingine. Ukiipa wimbo mpya ambao haujatoka, inakupa alama juu ya mia. Alama zikiwa juu, wimbo utashika. Zikiwa chini, rudi shambani ukalime pojo.

Ilipatia mara ya kwanza, ikapatia ya pili, basi hakuna mwanamuziki wa Kitui wala Makueni aliyetaka kutoa wimbo bila kupimwa. Walikuwa wanangoja pale nje kwenye benchi kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Mtu akitoka, wenzake wanamrukia: "Umepata ngapi? Umepata ngapi?" Nimeona mzee mzima, baba wa watu, akitoka pale anafuta machozi kwa sababu amepata ishirini na tisa.

Siku yetu ilipofika, tulipata thelathini na nne.

Mulwa akasema tusikate tamaa, programu inaweza kuonyesha ugonjwa uko wapi. Akazima ngoma, alama zikashuka. Akarudisha ngoma, akapunguza gitaa la mwanzo, zikapanda kidogo. Akaondoa zile salamu za katikati... zikapanda tena! Akaeleza kwamba vijana wakifika kwenye salamu hurukisha wimbo, kwa sababu hawamjui shemeji ya Kyalo wala mwenye duka. Mstari wangu ulikuwa umekatwa mbele ya macho yangu, na Kyalo alikuwa anatingisha kichwa kama mtu anayeelezwa dawa na daktari.

Kisha Mulwa akazima sauti yangu.

Sitasahau. Alibonyeza tu, hivi, na kidole kimoja. Wimbo ukaendelea bila mimi. Gitaa likalia, Kyalo akaimba, na pale nilipoitikia pakabaki patupu. Kompyuta ikafikiri kidogo. Sitini na moja!

"Mama Mwikali, usichukulie vibaya," Mulwa akaniambia. "Hii kitu haina ubaya na mtu. Inasema tu vile inasikia."

Nilimwangalia Kyalo. Nilingoja aseme huyu ni bibi yangu, sauti yake haitoki. Nilingoja... Alikuna kidevu, akauliza, "Na tukiweka msichana mwingine?"

Hivyo ndivyo Ndunge alivyoingia katika maisha yangu. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, na angalia shetani alivyo na mzaha, naye ni wa Mutomo! Kwao na kwetu hata si mbali, ni njia moja, unapita boma letu ndipo ufike kwao. Aliimba mara moja tu, kompyuta ikampa themanini na mbili. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, nimewashikia pochi zao.

Je, nilikuwa nimekosea kumwonea wivu? Niambieni nyinyi. Alikuwa na shingo ndefu. Alikuwa anacheka kabla utani haujaisha. Alikuwa ananiita "dada" kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyonichoma zaidi, maana ni heshima unayompa mtu ambaye hashindani tena. Nikirudi Kilungu nilikuwa najifungia jikoni naimba sehemu yake kama anavyoiimba yeye. Niliisikia tofauti? Sikuisikia! Mpaka leo siisikii.

Kyalo akaanza kukaa Makindu. Mara ni mazoezi, mara ni wimbo unapimwa tena. Alirudi Kilungu kubadilisha nguo, na alinukia sabuni ambayo si ya nyumbani. Nikiuliza, ananijibu, "Mama Mwikali, ni kazi. Si unataka mbuzi wafike kwenu?" Alijua pa kunigusa. Nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya hao mbuzi. Nilichuma maparachichi, nikauza kule njia panda, nikalisha mtoto, nikanyamaza. Lakini ndani nilikuwa nawaka.

Ikafika siku ya soko kule Mutomo. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama, nikasikia bendi ya Kyalo inapiga uwanjani. Hakuwa ameniambia! Nilikwenda mchana huo huo na leso ya jikoni kiunoni. Nikapita katikati ya mbuzi na watu wa soko, nikasimama mbele kabisa.

Ndunge alikuwa jukwaani, pale ninaposimamaga mimi, mkono wa kushoto wa Kyalo. Hayo ningeyavumilia. Wimbo ukafika katikati. Kwenye kanda salamu zilikuwa zimeondolewa, lakini jukwaani Kyalo aliziacha kwa sababu wazee wanaolipia bendi hupenda kutajwa. Akamsalimia huyu, akamsalimia yule. Kisha akamgeukia yule msichana, akaimba, "Ndunge wa Mutomo, nakusalimia, wewe ndiye wangu."

Mstari ule ule! Sauti ile ile! Alikuwa amebadilisha jina tu, kama mtu anavyobadilisha betri.

Wasomaji, sijui nilipandaje lile jukwaa. Nakumbuka nimeshika kipaza sauti, nakumbuka Ndunge amerudi nyuma ameinua mikono. Nilipiga kelele. Nilimwita yule msichana majina ambayo mama aliyeokoka hapaswi kuyajua. Nilimwambia Kyalo nimekaa naye kwa njaa na kwa mvua, baba yangu ameingia kaburini hajaonja hata mchuzi wa mbuzi wake. Nikaishia kulia, nikawa narudia maneno hayo hayo: "Nirudishie mahali pangu! Nirudishie mahali pangu!" Na spika zikanibeba mpaka mwisho wa soko.

Waliniteremsha. Ndunge alinifuata pale chini, akaniambia, "Dada, mimi niliitwa kuimba tu. Haki ya Mungu." Nilimtemea mate. Hadi leo huwa najiuliza kama siku hiyo alikuwa anasema ukweli. Labda alikuwa anasema ukweli, na mimi ndiye niliyemwonyesha njia... Sijui. Sitaki kujua.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba Mulwa alikuwepo na mitambo yake. Alikuwa anarekodi shoo yote.

Nilikuja kuisikia kwa mashine ya kusaga unga, Kilungu. Nimepanga foleni na gunia langu, kijana wa mashine akafungulia simu yake. Gitaa la Kyalo. Nikafurahi kidogo, ni gitaa ambalo nimeishi nalo. Kisha gitaa likapungua, na katikati nikasikia mwanamke analia. "Nirudishie mahali pangu!" Walikuwa wameirudia rudia, wakaipangia ngoma, Ndunge akaitikia nyuma yake taratibu, kama anamwonea huruma. Wanawake wa foleni wakaanza kutingisha mabega. Halafu mmoja akanitazama. Akamgusa mwenzake. Wote wakanitazama.

Wimbo ulishika! Programu ilikuwa imeupa tisini na moja kabla haujatoka, na haikukosea. Mulwa alitangaza hadharani kwamba ile sehemu ya kilio ndiyo iliyopandisha alama, watu hawairukishi, wanairudia. Ile sauti waliyoizima kwa kidole kimoja sasa ilikuwa harusini, ilikuwa kwenye baa, ilikuwa kila duka la simu kuanzia Makindu hadi Mutomo. Ila sasa haikuwa inaimba. Ilikuwa inalia.

Kanisani nilikuwa naongoza nyimbo za sifa. Mama mchungaji aliniita kando, akaniambia kwa upole nikae chini kwanza, kwa sababu waumini wakinisikia wanakumbuka yale matusi. Nikakaa chini. Siku nyingine nikafika nyumbani nikamkuta Mwikali wangu na wenzake wanaruka kamba. Walikuwa wanahesabu kwa maneno yangu. Yeye mwenyewe, mtoto niliyemzaa, "Nirudishie mahali pangu," anaruka, anacheka. Hakujua ni mimi. Nilimchapa, maskini, akaniuliza amekosa nini. Ningemjibu nini?

Kyalo hakuja. Nilisikia ameitwa huku na huku, amenunua gitaa jipya, amenunua pikipiki. Na mimi, mjinga mimi, katikati ya aibu yote hiyo nilikuwa na wazo moja linalonipa usingizi. Wimbo umeshika. Alisema wimbo ukishika, mbuzi wataenda.

Basi mama akanipigia simu asubuhi moja. Sauti yake ilikuwa ya msichana!

"Mwiitu wakwa, binti yangu, huyo mtu wako amepita hapa na gari ya mbuzi! Amekaa mbele na wazee wawili. Hajasimama, amepunga tu mkono. Nafikiri anaenda kwanza kutafuta watu wa ukoo. Nimefagia boma, nimeita na wajomba zako."

Nilipiga magoti hapo hapo kwenye mahindi. Nilimshukuru Mungu. Nilimsamehe Kyalo kila kitu, hata sabuni ile nilimsamehe! Jioni mama hakupiga. Kesho yake nilipompigia akasema hawajafika, labda wamechelewa na mambo ya wazee. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, lakini sikutaka kuisikia ikishuka. Nilijiambia anapanga siku nzuri. Anataka kunishtukizia.

Wiki hiyo hiyo Kyalo akaja Kilungu. Aliniletea leso mpya na mkate, akamletea Mwikali viatu. Nilimchinjia kuku. Sikumuuliza habari ya mbuzi, maana nilikuwa nachunga furaha yangu isiharibike. Alipomaliza kula, akafuta mikono, akasema, "Mama Mwikali, tumekosana ya kutosha. Nataka tuimbe tena."

Machozi yalinitoka. Akaendelea kunieleza. Watu walikuwa wanaomba wimbo wa kujibu ule wa kwanza, na programu ya Mulwa imeonyesha kwamba jibu likitolewa mapema litashika kuliko hata wa kwanza. Bibi anarudi, bibi anaongea, bibi anasamehe. Nikasita. Nilikuwa nimechoka kusikika. Hapo ndipo akasema, huku anachokonoa meno, "Kama hutaki si mbaya. Ndunge ataigiza sauti yako. Anaiweza."

Alinijua huyo mwanamume! Mtu mwingine avae sauti yangu? Ndunge, awe mimi? Nilisimama nikatafuta viatu.

Nilimwambia mama kwenye simu. Akasema, "Kwanza mwambie alete mbuzi. Kuimba kutangoja." Sikumsikiliza. Ni mara ya pili simsikilizi kwa sababu ya mtu huyo huyo.

Makindu, Mulwa alinipokea kama malkia. Soda, kiti chenye mto. Akaniingiza kwenye kile chumba cha kuimbia, akanivalisha hedifoni, akafunga mlango. Kati yetu kulikuwa na kioo. Niliimba kwa moyo wangu wote, wasomaji. Niliimba kama mwanamke ambaye mbuzi wake wako njiani. Nikatazama kioo nikingoja wapige makofi.

Thelathini na nane.

Tukarudia. Mulwa akaniambia nilie kidogo. Nikajaribu kulia. Arobaini na tatu. "Hakuna uchungu, Mama Mwikali," akasema kwenye hedifoni. "Ile ya Mutomo ilikuwa na uchungu. Hii ni kama unaomba chumvi kwa jirani." Nikajaribu tena, nikafikiria baba yangu, nikafikiria jeneza lake. Programu haikutaka. Niliona Mulwa na Kyalo wananong'ona. Kyalo alikuwa ametazama chini. Mulwa akaenda akawasha ile taa nyekundu inayoonyesha mashine inarekodi, na Kyalo akasogea kwenye kipaza sauti cha upande wao.

"Mama Mwikali, unanisikia?"

Nikamwambia namsikia.

"Wale mbuzi wa ntheo... nimepeleka."

Nilicheka! Mungu wangu, nilicheka kwa furaha. Nikamwambia, "Najua, mama alikuona ukipita. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Sikupeleka kwenu," akasema. "Nimepeleka kwa kina Ndunge. Ako na mimba yangu. Mwezi ujao namleta Kilungu, kwa hivyo utatafuta mahali."

Kwanza sikuelewa. Nilifikiri ni maneno ya wimbo, nikangoja gitaa lianze. Kisha nikamwona mama yangu. Nikamwona amesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani, boma limefagiliwa, wajomba wamekaa kwenye viti vya kuazima... na gari la mbuzi linapita. Linapita, linakwenda mbele kwenye njia ile ile. Na yeye anapunga mkono kwa furaha!

Sijui nililia vipi. Watu wameniambia baadaye, kwa sababu wote wameisikia isipokuwa mimi. Mimi sijaisikia na sitaisikia. Nakumbuka tu trei za mayai ukutani nikizishika ili nisianguke.

Nilipoinua macho, nilitazama kioo. Nilitaka kumwona mtu aliyenifanyia hivyo, nimwone usoni. Hawakuwa wananitazama. Wote wawili walikuwa wameinamia kompyuta. Mulwa akaruka. "Tisini na nne!" Kyalo akampiga mgongoni kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Kisha akaja akafungua mlango. "Pole, Mama Mwikali," akasema. "Lakini umesikia vile imetoka?"

Nikamuuliza, "Ni ukweli, ama ulisema kwa sababu ya wimbo?"

"Ni ukweli. Ningekuambia tu siku moja. Si afadhali imesaidia?"

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo sijamwambia hata mama. Katika hali ile, kamasi zinanitoka, nyumba yangu imebomoka, unajua niliuliza nini tena? Nilimgeukia Mulwa nikamuuliza, "Ndunge amewahi kufika ngapi?"

Mulwa, kwa ujinga wake, akajibu. "Yeye hajapita themanini na nane."

Na nilifurahi! Wasomaji, kwa muda wa kufumba na kufumbua nilifurahi. Nilimshinda. Nilisimama pale nimepoteza mume, nimepoteza jina, mtoto wangu hana ukoo wa baba, na roho yangu ilikuwa inacheka kwa sababu kilio changu kimepita wimbo wa yule msichana! Hapo ndipo nilipojiogopa. Kyalo na Mulwa sikuwaogopa, niliwachukia tu. Niliyemwogopa ni mimi mwenyewe.

Nikavua hedifoni, nikaiweka juu ya kiti, nikatoka.

Nilimchukua Mwikali kutoka Kilungu na vile vitu tunavyoweza kubeba. Wazee wa ukoo wa Kyalo hawakunizuia, na wangenizuia kwa nini? Mmoja wao aliniambia wazi, bila ubaya, kwamba kwa mila mimi nilikuwa mgeni aliyekaa sana. Mama alitupokea Mutomo. Hakuniambia "nilikukanya". Alisonga kitandani, akatupa nafasi. Ndunge alipelekwa Kilungu, akazaa mtoto wa kiume. Wimbo ulitoka, na ndiyo, ulishika kuliko wa kwanza. Programu haikukosea hata safari hii.

Mnataka kusikia kwamba nimepona? Sijapona. Akipita msichana hapa anaimba sehemu ya Ndunge, nasikia moto kifuani. Majuzi nilisikia Kyalo ana mwimbaji mwingine mdogo zaidi, na badala ya kumhurumia Ndunge, nilienda kununua sukari ya chai nisherehekee. Ndivyo nilivyo. Naomba Mungu anibadilishe, lakini naona hana haraka.

Mulwa alinipigia simu wiki iliyopita. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari ya mtoto. Kisha akasema anafikiria sehemu ya tatu, na kwamba si lazima niende Makindu, naweza kuongea tu hapo kwenye simu, niseme chochote kilicho moyoni. Nilijua anarekodi. Na moyo ulikuwa umejaa! Nilikuwa na matusi mapya, nilikuwa na machozi, nilikuwa na kila kitu anachotaka. Nilifungua mdomo...

Nikaufunga. "Haloo? Mama Mwikali, haloo?" Alisema haloo mara nyingi. Nilimwacha asikilize kuku wa mama wakitafuta mtama uani, kisha nikakata.

Dada zangu, nawaomba. Msimfuate mtu kwa ahadi ya kitu ambacho kitafika siku mambo yakinyooka. Afike kwenu kwanza, na mbuzi wake mkononi, akiwa maskini hivyo hivyo. Na wewe unayeonea mwenzako wivu, sikwambii uache, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa. Lakini ukizidiwa, nenda kwa mama yako, funga mlango, ulie huko mpaka uishe. Usiulilie wivu wako mbele ya mtu anayeweza kuuza.